Hatua Kumi Nyuma ya Mkwe

Baiskeli ilikuwa tupu. Hilo ndilo lililomkera Mama Odile tangu walipotoka nyumbani. Baiskeli nzima, nyeusi, imepakwa mafuta hadi inang'aa, ina kiti cha nyuma cha chuma ambacho kingebeba gunia la mihogo bila kulalamika, nayo inasukumwa kwa mkono kama mgonjwa anayepelekwa kwa daktari. Aliyeisukuma ni Évariste, mkwe wake. Mama Odile alifuata nyuma hatua kumi, mwanamke mnene, miguu imebanwa ndani ya viatu vya bintiye, macho kwenye mgongo wa koti la kijivu, na ule mgongo aliutukana kimoyomoyo tangu kona ya kwanza.

Kupanda hakuweza. Mama mkwe hapandi baiskeli ya mume wa mtoto wake. Hata usoni hamtazami. Kwao Bengamisa, ukimwona mkwe wako anakuja njiani unaingia kichakani hadi apite, hata kama kichaka kina upupu. Hamli pamoja, hamtajani majina, hamlali chini ya paa moja. Neno likilazimika kupita kati yenu, basi lipitie mdomo wa mtu wa tatu. Hiyo ndiyo haya ya ukwe, na Mama Odile alikuwa ameishika vizuri kuliko wanawake wengi waliojisifu nayo. Jina lake la ubatizo lilikuwa Georgette, lakini hakuna aliyelitumia ila padri. Watu wote walimwita kwa jina la huyu binti, kifungua mimba wake, ambaye sasa alikuwa amebaki nyumbani amelala.

Na hapo ndipo shida ilipokaa. Mdomo wa tatu ulikuwa Odile mwenyewe.

Odile alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba ya kwanza. Mama yake alikuja Kisangani, mji ambao wazungu waliuandika Stanleyville, juu ya lori la mpunga, akiwa na jambo moja tu kichwani: kumchukua binti akazalie nyumbani. Alifikia kwa jirani wa upande wa pili wa barabara, mwanamke anayekoroma kama msumeno, maana kwa mkwe haruhusiwi kulala. Siku nne alingoja. Siku nne Odile alimwambia, "Kesho, mama. Kesho nitamuambia." Kesho ikawa kama mkia wa mbwa, unaufukuza haushikiki. Sasa ilikuwa Jumapili, na lori la kurudi Bengamisa lingeondoka Jumatatu alfajiri. Mwezi mmoja zaidi na hakuna dereva mwenye akili atakayekubali kumpakia mwanamke yule.

Ndipo Odile akapanga safari ya zoo. "Tutaenda siye watatu," alisema. "Akitembea, roho yake inafunguka. Nitasema pale, na weye utakuwa unasikia." Évariste akaenda mapema kununua tiketi tatu. Jumapili asubuhi Odile akaamka na miguu iliyovimba hadi vifundo havionekani. Akaificha chini ya kitenge.

"Haiko kitu," alisema. "Muende tu. Mama hajaona simba. Akirudi Bengamisa watamuuliza."

Évariste hakuwa mtu wa kutupa karatasi yenye mhuri. Alikuwa karani kule bandarini, kwenye ofisi ya mashua za mto. Kalamu mbili mfukoni, miwani, na nyumba ya matofali ya mkopo ambayo kila msumari wake umeandikwa mahali fulani. Tena alikuwa ameomba ile kadi ya watu walioitwa évolués, Waafrika wanaoishi kizungu, kwa hiyo siku yoyote angeweza kuja mzungu kuangalia kama wanakula mezani na kama kuku wanalala nje. Mtu kama huyo akiwa na tiketi tatu na watu wawili, huumwa kwa ajili ya ile moja. Angekuwa na watu sifuri ingemuua.

Basi wakaenda. Njia yote Mama Odile alitafuta mdomo. Watu walikuwa wengi, wametoka misa, lakini kila aliyemkaribia alikuwa na haraka yake. Kisigino cha kushoto kikaanza kuchubuka. Mbele yake, baiskeli ilikwenda tik-tik-tik, imestarehe.

Getini Évariste aliikabidhi baiskeli kwa mlinzi, akatoa tiketi, akaonyesha kidole nyuma bila kugeuka, maana yake: na yule. Mama Odile akaingia. Ngurumo ya maporomoko ya Tshopo ilisikika nyuma ya miti. Kwenye daraja malori yalipita yakielekea kaskazini, njia ya kwao. Aliyatazama kuliko alivyomtazama simba.

Maana simba ndiye alikuwa wa kwanza, na simba alikuwa amelala. Amelala chali, miguu juu, kama mlevi wa Jumapili. Évariste alisimama hapo dakika tano akisoma kibao chote. Mama Odile naye akasimama hatua kumi pembeni, maneno yamemkaa kooni kama mfupa wa samaki. Alimwona askari aliyevaa sare iliyopigwa pasi, yuko na msichana.

"Papa askari," akamwambia, "unisaidie neno moja kwa ule mutu."

"Mama," askari akajibu, "miye leo niko congé, sifanyi kazi."

Msichana akacheka. Mama Odile akamtazama yule askari kuanzia kofia hadi buti, akaona hafai hata kutukanwa, akaendelea.

Penye uzio wa okapi ndipo alipompata mtu. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe ya Kiislamu na ufagio mkononi, mmoja wa zile familia za zamani za mjini, anayezungumza kana kwamba analipwa kwa neno. Aliitwa Jafari. Alikuwa anamsimulia okapi habari za mvua.

"Jambo, papa."

"Jambo sana, mama."

"Papa, uko na mudomo?"

"Mama, mudomo ndio kitu ya kwanza Mungu alinipa. Meno ilikuja nyuma, na imekwisha kwenda."

"Alors unikopeshe. Ule mutu wa koti ni bokilo yangu."

Jafari akamtazama Évariste, akazitazama zile hatua kumi, akaelewa yote. Akauegemeza ufagio ukutani kama mtu anayeweka silaha chini ili aingie barazani.

"Sema, mama."

"Umuambie hivi. Mutoto ya kwanza anazaliwa kwa mama ya mwanamuke."

Jafari akakohoa. "Musié! Mama anasema, mutoto ya kwanza anazaliwa kwa mama ya mwanamuke."

Évariste hakugeuka. Alishika uzio kwa mikono miwili, akasema kwa okapi, "Papa, umuambie mama, madame amekwisha kuandikwa maternité. Iko na fishi, karatasi ya hospitali. Iko na numéro."

"Mama, anasema iko na numéro."

"Nimesikia, papa. Masikio siyo niliyokopa. Umuulize, ile numéro ndiyo itamushika mugongo?"

"Musié, mama anauliza, numéro itamushika mugongo?"

Okapi alitoa ulimi mrefu mweusi, akajilamba jicho. Mama Odile alimfahamu mnyama huyu. Marehemu mumewe aliwahi kuleta ngozi yake nyumbani, ile ya mistari ya mapajani, lakini akiwa hai na mapaja yake mwenyewe hakuwahi kumwona. Angekuwa na roho nyepesi siku ile, angefurahi.

"Huyu naye iko na mimba," Jafari akasema, maana alishindwa kuuacha mdomo wake ukae bure hata kwa pumzi moja. "Miezi kumi na ine, mama, na inapita! Ungeweza?"

"Nani atamushika mugongo?"

"Hakuna. Anataka peke yake. Ukimufuata, anakupiga teke."

Évariste akaona mwanya. "Papa, umuambie mama, hata huyu nyama wa pori, daktari anakuja kumuangalia."

"Ni kweli, mama. Anakuja. Kila juma, mercredi."

"Umuambie," Mama Odile akasema, na sasa hakusubiri tena sauti ipoe, "huyu nyama iko ndani ya seng'enge. Odile naye iko ndani ya seng'enge?"

"Lo!" Jafari akapiga paja. "Musié, hii ilitoka na moto, minakuletea na moto yake. Mama anauliza kama Odile naye iko ndani ya—"

Kengele ikalia kutoka upande wa mabanda. Jafari akainama akachukua ufagio.

"Saa ya majani," akasema. "Pardon, mama. Mudomo ni yako, lakini mikono ni ya kazi."

"Papa, neno moja tu. La mwisho."

"Mama, nikichelewa, chef wangu hanitumii mutu wa tatu. Anakuja yeye mwenyewe."

Akaenda mbio, kofia nyeupe ikiruka ruka. Mama Odile akabaki ameshika hewa. Neno kubwa lilikuwa bado ndani. Yale ya seng'enge yalikuwa chumvi tu. Lenyewe, lile lililompandisha juu ya magunia ya mpunga, hakulisema, na sasa mkwe alikuwa anaondoka kwenda kwa mamba, hatua zake fupi fupi, kila mahali akisimama kusoma kibao kama anahesabu mashua.

Kwa mamba hakukuwa na mtu. Kwa chui kulikuwa na wazungu na mwavuli wao. Kwa kasuku palikuwa na masista wawili, akawakaribia, lakini mmoja akampa sanamu ndogo ya Bikira Maria, akambariki na kuondoka. Mama Odile akaitia sanamu kifuani. Jua lilikuwa juu ya kichwa. Jasho lilimtambaa mgongoni, kisigino kilikuwa kinawaka, na njaa ilimshika pia, maana kulikuwa na mwanamke anauza kwanga za mihogo na samaki karibu na geti lakini mbele ya mkwe mtu hali. Évariste naye hakula, kwa sababu ileile. Wote wawili na njaa yao, kwa heshima, kama wajinga.

Hivyo ndivyo walivyofika kwa sokomutu.

Alikuwa sokwe mmoja, mkubwa, amekaa juu ya gogo ndani ya chumba cha nondo, uso wake kama wa mzee aliyenyimwa pensheni. Évariste akasimama kushoto akisoma. Mama Odile akasimama kulia. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba kwao mtu akikosa mdomo kabisa, haya haimwachi akae bubu hadi afe. Anaweza kusema na mbwa. Anaweza kusema na chungu. Mkwe akiwa karibu na masikio yake yako wazi, hiyo ni shauri ya masikio yake. Mama yake mzazi alimaliza ugomvi mzima wa mahari kwa kuzungumza na mchi.

Akasogea kwenye nondo.

"Weye sokomutu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Nisikilize, maana leo watu wote iko na kazi."

Sokomutu akageuza kichwa.

"Miye niko na mutoto mwanamuke. Ule mutoto halii. Unasikia? Halii. Wengine wakichomwa na mwiba wanaita mutaa muzima. Yeye hapana. Wakati alikuwa na miaka sita, mafuta ya mawese ya moto ilimumwangikia hapa, kwenye paja. Miye nilikuwa shambani. Alikaa chini, akafunika na kitambaa, akakaa. Nilirudi na jua inashuka, nikamuuliza, Odile, kuna nini? Akasema haiko kitu. Nilitoa kitambaa, ngozi ikakuja na kitambaa."

Nyuma yake kulikuwa na watu wawili watatu waliosimama. Alisikia mmoja akicheka puani. Hakugeuka.

"Sasa sikiliza, sokomutu. Watamulalisha kule kwa numéro yake. Infirmière atapita, atamuuliza, unaumwa? Atasema haiko kitu. Infirmière ataenda kwa wale wanaolia. Na nani atajua? Miye najua. Anashika sikio yake ya kushoto, anaivuta. Akivuta mara moja, ni maumivu kidogo. Akivuta bila kuachilia, ni kifo iko mulangoni. Hii kitu haijaandikwa kwenye fishi. Ni miye peke yangu niko nayo. Kwa hiyo—"

Sokomutu akamrushia ganda la ndizi. Likampata begani. Kicheko kikalipuka nyuma yake, maana walikuwa sasa kama watu kumi na tano, wamevaa vya Jumapili, na hakuna kilichowafurahisha namna ile siku nzima.

"Amejibu! Nyama amejibu!"

"Mama, umuulize namba ya loto!"

Kisha sauti moja nene, yenye Kifaransa ndani yake: "Tiens, Évariste! Na weye iko hapa!"

Alikuwa Alphonse, karani mwenzake wa bandarini, mwanamume mnene wa tai nyekundu, na mkewe Colette mkononi. Mama Odile aliwaona kwa pembe ya jicho. Alphonse akamshika Évariste bega.

"Umeona huyu mama? Anazungumuza na ndugu yake!"

Watu wakacheka tena. Évariste akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa.

"Uko peke yako? Madame iko wapi?"

"Madame... anapumuzika."

"Na huyu mama wa wazimu ametoka na nani? Unamujua?"

Ganda la ndizi lilikuwa bado kwenye bega la Mama Odile. Hakulitoa. Alingoja. Jina lake mkwe asingeweza kulitaja, hilo lilikuwa sawa, haya ilimkataza. Lakini kulikuwa na neno lingine, fupi, ambalo halikatazwi na mtu yeyote: bokilo, mkwe. Sekunde moja tu. Hata kikohozi kingetosha.

"Siku ya dimanche," Évariste akasema, "watu wanakuwa wengi."

Basi. Mama Odile akalitoa ganda, akaliweka chini taratibu. Kisha akazivuka zile hatua kumi. Hazikuwa hata kumi. Alizimaliza kwa sita, na kisigino chake kibovu. Akampita Alphonse, akampita Colette, akasimama mbele ya mkwe wake, akainua uso, akamtazama machoni.

"Évariste."

Évariste akarudi nyuma kama aliyekanyaga moto. Akaziba uso kwa mikono miwili, miwani ikainuka hadi kwenye paji. Yeye, mtu wa kadi, mtu wa kula mezani kwa uma.

"Mama! Haya!"

"Haya umeiacha pale kwa sokomutu. Nenda ukaiokote kama bado unaitaka."

Colette ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Alimfinya mumewe mbavuni hadi tai nyekundu ikatikisika. "Ni mama ya madame yake, weye mujinga," akanong'ona. Alphonse akavua kofia, akasema pardon mama, pardon sana, hatukujua, akatoweka kuelekea kwa mamba. Wale wengine wakapungua mmoja mmoja, kama nzi sahani ikiondolewa.

Wakabaki wawili. Hasira ya Mama Odile ilikuwa mbili sasa: moja kwa mkwe, moja kwake mwenyewe. Miaka yote ile ya kuingia vichakani, na ameivunja mbele ya tumbili.

Évariste aliondoka akaenda kusimama kwenye ukingo, pale maji ya Tshopo yanapoonekana kupitia miti. Mama Odile alimfuata. Évariste alimpa mgongo, lakini safari hii alizungumza naye mwenyewe, bila mzee, bila mnyama.

"Mama, mama yangu alikufa kwenye bac ya Lindi."

Mama Odile alikijua kivuko hicho. Alikivuka siku nne zilizopita.

"Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa juu ya camion ya mupunga, tunamupeleka kwa bibi azae kule, sawa vile unataka. Tulifika, bac iko ng'ambo. Watu wa bac walikuwa wanakula. Nilisimama pale nikaita. Niliita mpaka sauti ikaisha. Wakamaliza kwanza kula. Wakati bac ilifika, amekwisha. Mutoto alifuata siku ya pili." Akarudisha miwani machoni. "Mama alikuwa amelala juu ya magunia ya mupunga. Ile mupunga waliiuza vile vile."

Mama Odile alitaka kukasirika, lakini hasira ilikosa mahali pa kukaa. Hilo nalo likamuudhi. Mtu anakuja na haki yake nzima, ameibeba kichwani kutoka Bengamisa, kisha mwenzake anatoa maiti mfukoni.

"Kwa nini hukumuambia Odile?"

"Iko na mimba, mama. Namuambia namna gani?"

"Alors siku ine nzima ulikuwa unanionyesha fishi na numéro."

"Fishi na numéro ndiyo mambo ninajua kusema."

Lori likapita darajani likipiga honi. Wote wawili walilitazama hadi likaishia.

"Ile ya sikio," Évariste akasema. "Ni kweli?"

"Miye nilikuja hapa kumudanganya sokomutu?"

"Leo asubuhi alikuwa anavuta." Akageuka nusu, akakumbuka, akarudisha uso kwenye maji. "Niliwaza ni mbu."

"Anavuta na kuachilia, ao anavuta na kushikilia?"

"Na kuachilia."

"Bon." Pumzi ikamtoka. "Na miguu yake imevimba tangu lini?"

"Imevimba?"

"Weye ndiye unalala naye, ao ni miye?"

Évariste akajikunyata kwa aibu hadi koti likampanda masikioni. Mwanamke hasemi hivyo kwa mkwe wake. Lakini haya ilikuwa imekwisha kupasuka, na Mama Odile hakuona faida ya kushona tundu moja na kuacha mengine.

"Muzuri," akasema. "Hatapanda camion. Umenishinda, na sitasema mara mbili, kwa hiyo usikie sasa. Lakini miye nitakuwa karibu naye. Kwa jirani sitakaa tena. Ule mama anakoroma, nitasikiaje mutu ambaye halii? Na chini ya paa yako hapana. Jina lako nimelitaja, lakini kulala kwako, hiyo hapana, hata Papa wa Roma aandike."

"Kuna jikoni," Évariste akasema polepole. "Iko kando, na paa yake. Ukuta yake inagusana na chumba yetu."

"Niliiona. Mulango yake inaangalia mulango yako. Kila asubuhi nitoke nikuone na pijama?"

Évariste akafunga kifungo cha koti.

"Utapasua ukuta ya barabarani. Unaweka mulango pale."

"Mama, ile nyumba iko ya mkopo. Hairuhusiwi kugusa ukuta bila karatasi. Na wanaweza kuja kuangalia siku yoyote, kwa sababu ya kadi. Wakikuta nimepasua..."

"Karatasi inachukua siku ngapi?"

"Miezi mitatu. Ine, labda."

"Mutoto anachukua miwili."

Alimwona akihesabu. Alimwona kwa mgongo tu, lakini mtu wa namna ile huhesabu na mgongo. Upande mmoja kadi, mzungu mlangoni, jina lake kwenye orodha. Upande mwingine, sijui alikuwa anaona nini kwenye maji yale. Alichukua muda mrefu. Mama Odile alitaka kumsukuma.

"Nitapasua," akasema.

"Lini?"

"Samedi hii, siku sita tu."

"Miye kesho ninaenda. Karanga yangu shambani haijakomaa, lakini nitaing'oa hivyo hivyo, mbichi, na watu watanicheka. Juma mbili, niko hapa. Nikikuta ukuta, nitasimama kwa barabara mbele ya nyumba yako na kuita jina lako, ile jina nimekwisha kuzoea, mpaka huyu mzungu wa kadi asikie."

"Hautakuta ukuta."

"Na maternité?"

"Nitasema na masista. Nitawaambia ya sikio."

"Usiwaambie. Wataandika. Sema wanipitishe mulangoni, basi."

Évariste akaingiza mkono kifuani, akatoa kijitabu, akatoa kalamu. Mama Odile akafumba macho. Hata sasa! Mtu anaambiwa jambo la kufa na kupona, na yeye anatafuta ukurasa safi.

"Upana gani, mama?"

"Upana ya nini?"

"Ya mulango. Fundi ataniuliza."

Alifikiri. Hakuwahi katika maisha yake kuulizwa mlango uwe na upana gani, na swali hilo, kwa namna asiyoitaka, likampoza kidogo.

"Beseni kubwa ya maji ya moto ipite," akasema, "na mutu ameishika mikono mibili, viwiko nje."

Évariste akaandika.

"Na ule mutu ni munene."

Kalamu ikasita. Kisha akaliandika na hilo pia.